Diski ikianza kufa, nakili kwanza, tengeneza baadaye

Mkuu, nimesoma maelezo yako. Laptopu yenye diski ya GB 500 inachukua dakika kumi kuwaka, ukivuta folda ya picha inaganda, na umeshanunua diski mpya ya TB 1. Kuna mdau amekushauri uanze na chkdsk, programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski. Nakuomba sana usifanye hivyo. Mimi nilifanya mwaka 2019, kwenye diski iliyokuwa na picha za mazishi ya baba.

Dalili zilikuwa hizo hizo zako. Nikaamuru chkdsk /f /r, nikalala. Asubuhi nilikuta folda kadhaa hazipo, na badala yake kuna FOUND.000 imejaa mafaili ya .CHK. Kazi ya chkdsk ni kunyoosha mpangilio wa mafaili, haijali kama picha yako itapona. Isichoweza kukisoma inakikata, na inaandika mabadiliko juu ya diski ileile mgonjwa. Ile /r nayo inailazimisha isome sekta zote (vipande vidogo vya diski vinavyohifadhi data), mbovu kwa nzima. Baadhi ya picha nilizirudisha kwa PhotoRec, programu ya kuokoa mafaili yaliyopotea, lakini bila majina yake, nyingine zimekatika nusu. Mama huniulizia za makaburini mpaka leo.

Kwa hiyo izime sasa hivi, na uanze na masikio. Ukiiwasha ikawa inagonga, ka-ka-ka, kisha kimya, kisha inagonga tena, hapo vichwa vya kusomea vina hitilafu na hakuna programu itakayokusaidia. Kama data ni ya thamani, tafuta wanaookoa data kwenye chumba kisicho na vumbi, na ujiandae, bei yao ni kubwa. Usikubali fundi aifungue mezani. Vichwa vile huelea nanomita chache tu juu ya sahani zinazobeba data, chembe moja ya vumbi ni kama jiwe. Na habari za kuiweka kwenye friza achana nazo, ikitoka humo inashika unyevu ndani.

Kama haigongi, una nafasi nzuri. Diski ya dada yangu ilipofikia hali hiyo nilikuwa nimeshajifunza, nikatumia ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu, na data yake ilitoka karibu yote. Ukinakili kwa kuvuta folda ndani ya Windows, inang'ang'ania faili moja bovu huku diski ikizidi kuchoka. ddrescue inafanya kinyume: inazoa kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, inaziruka zenye shida, halafu inazirudia mwishoni.

Andaa flashi ya SystemRescue, mfumo wa Linux wa uokoaji unaowashwa kutoka kwenye flashi (ddrescue imo tayari), washia kompyuta humo, unganisha diski mpya kwa adapta ya USB. Kisha andika amri hii inayoorodhesha diski zote:

lsblk -o NAME,SIZE,MODEL

Hapa usiharakishe. Andika kwenye karatasi ipi ni ya zamani na ipi ni mpya, kwa ukubwa na modeli. Ukizigeuza utafuta kila kitu kwa mkono wako. Tuseme ya zamani ni sda na mpya ni sdb:

ddrescue -f -n /dev/sda /dev/sdb /mnt/flashi/ramani.map

Chanzo kinatangulia, kinakopelekwa kinafuata. Hilo faili la mwisho ndilo linalokumbuka kazi imefika wapi. Lihifadhi kwenye flashi nyingine uliyoiunganisha hapo /mnt/flashi, kwa sababu mfumo unaowashwa kwa flashi unaishi kwenye RAM, ukizima nao unafutika. Kwa dada umeme ulikatika usiku tukiwa tumevuka nusu, na kompyuta ilikuwa ya mezani, haina betri. Uliporudi niliandika amri ileile, ikaendelea ilipoishia. Ila rudia lsblk kwanza kila unapowasha upya, maana sda na sdb zinaweza kubadilishana majina.

Awamu hiyo ikiisha, rudi kwenye sehemu ngumu:

ddrescue -f -d -r3 /dev/sda /dev/sdb /mnt/flashi/ramani.map

Kwa adapta ya USB 2, GB 500 za diski isiyo na ubovu huchukua kama saa tano. Diski mbovu inaweza kumaliza siku mbili. Ielekezee feni na uiache itulie.

Ukimaliza, chomoa ya zamani kabla ya kuingia Windows, kwa kuwa zote mbili zitakuwa na kitambulisho kimoja na Windows itaigomea mojawapo. Ile chkdsk sasa unaweza kuiendesha, lakini kwenye nakala. Nafasi iliyobaki ya TB 1 utaiongeza kupitia Disk Management, sehemu ya Windows ya kupanga diski. Ya zamani usiifomati wala kuiuza, ifunge uiweke kabatini hadi uhakikishe picha moja moja zinafunguka.

Kabla ya yote hayo, kama bado inaingia Windows, fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski, mara moja tu, piga picha kwa simu mistari ya 05, C5 na C6, uzime. Hizo ni sekta zilizohamishwa, zinazosubiri uamuzi, na zilizoshindikana kabisa. Ziweke hapa tuzione kabla hujaandika amri yoyote, nitakuwepo jioni.