Bila Yi Sun-sin, Korea ingetekwa?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Naandika hadithi ya historia mbadala: Admirali Yi Sun-sin wa Korea hakuzaliwa, na meli zake za kobe, zile za vita zilizoezekwa paa la miiba, hazikuundwa. Je, Wajapani waliovamia mwaka 1592 wangeimeza Korea na kuendelea hadi China?

JIBU: Marahaba. Video za mtandaoni za meli za kobe zimekuponza. Kila anayeniuliza habari za vita hivi huanza na ile meli yenye kichwa cha joka, kwa hiyo tummalize kobe kwanza.

Katika pigano la kwanza la Yi, kule Okpo, Wajapani walishindwa bila meli ya kobe hata moja kuwapo. Meli hiyo iliingia vitani wiki chache baadaye, katika pigano la Sacheon. Katika pigano la Myeongnyang mwaka 1597, Yi alipowazuia Wajapani akiwa na meli 13 tu, haikuwapo tena. Mzigo ulibebwa na panokseon, meli ya kawaida ya Korea: mbao nene, tako bapa, rahisi kugeuka, iliyosheheni mizinga. Wajapani walitegemea kusogea ubavuni, kurukia meli ya adui na kupigana ana kwa ana. Mizinga haikuwapa nafasi hiyo, na mizinga hiyo Yi hakuivumbua. Kuhusu dai kwamba meli ya kobe ilikuwa "manowari ya kwanza ya chuma duniani", taarifa ya Yi mwenyewe inataja miiba ya chuma juu ya paa. Mabamba ya chuma hayamo. Anayekuuzia hayo, mdai ushahidi.

Sasa, jaribio unalolitaka lilikwisha kufanyika. Mwaka 1597 Mfalme Seonjo wa Korea alimvua Yi cheo na kumfunga, akampa admirali mwingine, Won Gyun, meli zote. Mwezi Agosti, katika pigano la Chilcheollyang, karibu zote ziliteketea. Wajapani wakaingia mkoa wa Jeolla, ghala la mpunga la nchi, wakateka Namwon na Jeonju, wakageukia mji mkuu. Walikoma Jiksan mbele ya askari wa Ming, yaani watawala wa China, siku chache kabla ya Myeongnyang. Yaani nchi kavu walisimama kabla Yi hajafyatua mzinga kule Myeongnyang.

Usinielewe vibaya. Mwaka 1592 hali ilikuwa tofauti: jenerali wa Kijapani Konishi Yukinaga alikuwa Pyongyang, chakula chake kikitoka Busan kwa barabara ndefu, na ushindi wa Yi pale Hansando ndio uliowafungia njia ya bahari ya magharibi. Mwondoe Yi hapo, Konishi anakula vizuri zaidi. Lakini Gwak Jae-u na wanamgambo wake bado wanavizia misafara kando ya mto Nakdong, watawa wa Kibudha wa kiongozi wao Hyujeong bado wanashika silaha, na Ming bado wanavuka Yalu, mto wa mpakani mwa China na Korea, kulinda mlango wao wenyewe. Hao hawakusubiri amri ya admirali.

Ugonjwa wa historia mbadala ndio huu: mwandishi anamfuta mtu mmoja, kisha anawagandisha wengine wote kama sanamu. Na shujaa wa pekee huwa na wateja. Sanamu ya Yi pale Gwanghwamun, Seoul, ilisimamishwa mwaka 1968 chini ya Park Chung-hee, jenerali aliyeshika nchi kwa mapinduzi. Taifa lililookolewa na mwanajeshi mmoja lilikuwa somo la kumfaa sana. Waliobaki mashambani na jembe na mkuki hawakuwa na wa kuwapigia debe, nao ndio wanaokosekana katika rasimu nyingi ninazoletewa.