GPA ya 3.3 uiandike au uiache?

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza jana nilipotoka zamu, na leo asubuhi nimeurudia. Umemaliza utarajali, yaani mazoezi ya kazi hospitalini, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga unayo mkononi, sasa unaandaa CV na umekwama kwenye mstari mmoja, ule wa wastani wa alama za chuo: GPA ya 3.3 uiandike au uiache? Rafiki yako mmoja anasema ukiiacha wataona unaficha, mwingine anasema ukiiandika umejifungia mlango mwenyewe. Nakujibu kwa maandishi ili uweze kuisoma tena ukitulia.

Usiiandike. Wala si kwa sababu ya aibu. Daraja la pili la chini linaanzia 2.7 na kuishia 3.4, na wewe umo humo, una shahada kamili ya uuguzi ambayo hakuna wa kukunyang'anya. Nasema uiache kwa sababu huku kwetu hakuna anayeomba kazi kwa CV peke yake. Cheti na transkripti vinaambatanishwa, na anayetaka kuijua GPA yako atafungua karatasi ya nyuma aione, pamoja na kila somo na alama yake. Kwa hiyo hujaficha kitu. CV ni nafasi ya kusema yale ambayo transkripti haiwezi kuyasema, na ukurasa wenyewe ni mdogo. Ungekuwa na 3.5 kwenda juu ningekwambia iweke palepale chini ya jina la shahada, maana kwa mhitimu ambaye bado hana kazi ya kutaja, alama nzuri inasaidia. Ukishafanya kazi miaka miwili mitatu, hata mwenye 4.6 hana haja ya kuendelea kuitaja.

Lakini tangazo likisema taja GPA, itaje kama ilivyo. Usiisogeze kidogo ikawa 3.5. Unakumbuka mwaka 2017, ule uhakiki wa vyeti uliowaondoa kazini watumishi zaidi ya 9,900? Kosa lao lilikuwa vyeti vya kughushi, kubwa kuliko hili, lakini afisa utumishi akikuta namba ya CV haifanani na ya transkripti, hatakaa kupima ukubwa wa uongo. Na popote unapoitaja, andika "3.3 kati ya 5". Kuna nchi wanahesabu mwisho 4, kwa hiyo ukiomba kwenye shirika la kimataifa, au siku moja shule ya nje, mtu anaweza kuisoma 3.3 yako kuwa nzuri kuliko ilivyo, halafu akigundua aone umemdanganya.

Sasa nikuambie kinachoangaliwa, maana nimekaa kwenye usaili wa wauguzi wapya na ninajua tunavyozisoma hizo karatasi. CV nyingi zinafanana: mchapakazi, mwaminifu, anapenda kusoma na kusikiliza muziki. Unafika mwisho wa ukurasa hujaona wodi hata moja. Kuna binti mmoja alituandikia wodi alizopita wakati wa utarajali, moja moja, na wiki alizokaa, na akina mama aliowazalisha kwa kusimamiwa. Tulimwuliza: mama amejifungua, kondo la nyuma limetoka lote, damu bado inamwagika, uko peke yako na mhudumu, utaanza na nini? Alisogeza kiti, akaweka kiganja juu ya meza na kuanza kukanda mfuko wa uzazi kabla hajafungua mdomo. Kisha akasema kwa mpangilio: naita msaada, huku nakanda, oksitosini uniti 10 kwenye msuli, nafungua mshipa, naondoa mkojo kwenye kibofu, naangalia kama kuna mchaniko. Transkripti yake tuliifungua baadaye sana.

Hospitali za kanda hii ya Ziwa zina sababu ya kutafuta mtu wa namna hiyo. Mpaka daraja la Kigongo hadi Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, mgonjwa wa kutoka Sengerema kuletwa Mwanza mjini alisubiri kivuko. Visiwani Ukerewe mpaka leo ni maji kila upande. Usiku, daktari akiwa mbali, anayeokoa ni muuguzi aliyepo. Kwa hiyo jaza ule ukurasa kwa kazi ya mikono yako. Chukua kile kitabu chenu cha mazoezi ambacho msimamizi alikuwa anasaini, andika yaliyosainiwa tu. Ile A ya ukunga itaje unapoomba kazi ya leba. Si ujanja, maana transkripti yote iko chini yake.

Wadhamini wako watatu wasiwe walimu watupu. Yule sista msimamizi wa wodi ya wazazi aliyekuwa anakuita usiku kwa sababu anakuamini, mwombe ruhusa, mpigie kabla hujaandika namba yake.

Kuhusu mwaka wa kwanza, kama wataona sapu, ule mtihani wa marudio wa famakolojia, somo la dawa, na kukuuliza, jibu kwa sentensi mbili: baba alikuwa amelazwa, nilirudia mtihani nikafaulu, na tangu mwaka wa tatu alama zangu zimepanda. Hapo nyamaza. Usilie mbele yao, mama, wala usimlaumu mwalimu. Ila jua kwamba wakiiona hiyo sapu watakupima kwenye dozi na dripu, na hapo ndipo nataka ukae chini ujiandae. Lita moja kwa saa 8, seti ya matone 20 kwa mililita, ni matone mangapi kwa dakika? Fanya kwa kalamu, bila simu. Ukipata 42 uko sawa. Kisha jitungie nyingine kumi, na za watoto kwa kilo, mpaka zisikutetemeshe mkono.

Mstari wa GPA ukishautoa, paandikwe namba yako ya usajili na tarehe leseni inapoisha, maana bila hiyo kisheria huruhusiwi hata kumgusa mgonjwa. Na kwenye rasimu uliyonitumia, tarehe za utarajali zinatoa miezi 11 badala ya 12. Angalia barua yako ya kumaliza, urekebishe, unirudishie kabla ya Jumapili. Ile barua ya kuomba kazi Sengerema usiitume mpaka nimeiona.

Mama yako,
Nyakato, Mwanza