Swali la lugha: Shehena iliagizwa, iliingizwa au ilishushwa?

Mwalimu mmoja wa historia ya sekondari amenitumia sentensi kutoka daftari la mwanafunzi wake: "Mwaka 1768 wafanyabiashara wa Boston waliwekewa vikwazo vya kuingiza shehena kutoka Uingereza, wakagoma." Anauliza: kuagiza na kuingiza ni kitu kimoja? Na hapo pafae neno lipi, vikwazo, mgomo au kususia?

Nianze na la pili, ndilo jepesi. Kikwazo anakuwekea mwenzio njiani ujikwae. Wale wa Boston, mji wa bandari katika makoloni ya Uingereza huko Amerika, mwaka huo hakuna aliyewawekea, walijifunga wenyewe. Mwaka 1767 Bunge la Uingereza liliyatoza makoloni hayo ushuru wa kioo, karatasi, rangi, chai na risasi (ile ya madini, Mwalimu, asije mwanafunzi akafikiria bunduki). Tarehe 1 Agosti 1768 wafanyabiashara wakakubaliana kwamba mwaka mzima wa 1769 hawataleta bidhaa za Uingereza, isipokuwa chache zisizoepukika: chumvi, makaa ya mawe, ndoana na mishipi ya kuvulia, na nyingine kidogo. Mji wa wavuvi haususi ndoana.

Naam, kususa. Mtoto aliyekaripiwa hususia chakula: kipo mezani, njaa anayo, lakini hali, ili mama ajue ameudhika. Ndivyo walivyofanya wale mabwana. Kugoma ni kukataa kazi au kukataa kwenda. Vibarua hugoma, na punda hugoma. Kwa hiyo andika "walisusia bidhaa". Vikwazo vya kweli walikuwa navyo tangu zamani, na hivyo hawakuvisusia, walivizunguka. Sheria ya mwaka 1733 ilitoza peni sita kwa kila galoni ya molasi kutoka visiwa visivyo vya Uingereza, na molasi ndiyo iliyopikwa ramu. Wengi waliileta kimyakimya, ofisa wa forodha akapozwa kwa chochote. Hayo ni magendo. Usiyaite ulanguzi: kwa Mtanzania mlanguzi ni yule anayeficha sukari ili aiuze kwa bei ya kuruka, ilhali Kenya neno hilo limehamia kwa wauzaji wa dawa za kulevya na wasafirishaji haramu wa watu. Msomaji wa Nakuru na wa Morogoro wataona picha mbili tofauti.

Sasa kuagiza na kuingiza. Siku hizi magazeti huyatumia kama pacha, na katika habari za bajeti hakuna anayeumia. Katika historia hii, lakini, kila hatua ya mzigo ina kitenzi chake, na ugomvi wote ulikuwa juu ya hatua ipi imefikiwa. Mzigo huagizwa, hupakiwa, hufika bandarini, hushushwa, hulipiwa ushuru, ndipo hutolewa forodhani. Makubaliano ya 1768 yalizuia hasa kuagiza. Lakini zilikuwepo bidhaa zilizofika baada ya mwaka 1769 kuanza, na wapo waliokataa kutia saini wakaendelea kuagiza. Bidhaa za namna hiyo nyingine zilifungiwa ghalani chini ya macho ya kamati ya wafanyabiashara, nyingine zikarudishwa Uingereza. Hizo ziliingia, na hazikuuzwa. Ukiandika tu "walizuia kuingiza", ghala lile na funguo zake vinapotea.

Chai ya 1773 ndiyo mfano mtamu zaidi. Boston haikuiagiza. Kampuni ya India Mashariki, ya Uingereza, iliipeleka yenyewe kwa mawakala iliowachagua. Meli ya kwanza, Dartmouth, ilifika Novemba mwishoni. Sheria iliipa siku 20 za kulipa ushuru, la sivyo forodha ikamate mzigo. Wananchi wakasema isishushwe; gavana akasema meli haiondoki bila ushuru kulipwa. Usiku wa tarehe 16 Desemba, siku zikiwa zinakatika, makasha 342 kutoka meli tatu yakamwagwa baharini. Chai ilifika; haikushushwa wala kulipiwa. Charleston, mwezi huohuo, chai ilishushwa: forodha iliikamata kwa kutolipiwa ushuru, ikawekwa chini ya jengo moja la mji bila kuuzwa. Iliyokwenda Philadelphia iligeuzwa mtoni, ikarudi ilikotoka. Miji mitatu, vitenzi vitatu. (Kupakua nako kungefaa badala ya kushusha, ila vijana wa leo watadhani chai ilitoka kwenye simu.)

Wala sisi wa pwani si wageni wa mambo haya. Shehena, forodha na ushuru yote ni maneno yaliyotujia kwa Kiarabu, na ushuru ni ndugu wa neno la kumi, fungu la kumi. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alipotia saini mkataba na Marekani, ushuru uliwekwa asilimia tano ya shehena iliyoshushwa. Iliyobaki ndani ya meli haikudaiwa. Wenye meli wa Salem, jirani ya Boston, waliofika Unguja na vitambaa tunavyoviita merikani hadi leo, walijua vizuri faida ya kitenzi hicho.

Kwa hiyo, Mwalimu, mwanafunzi wako aandike hivi: "Mwaka 1768 wafanyabiashara wa Boston walikubaliana kutoagiza bidhaa za Uingereza kwa mwaka mzima uliofuata, wakazisusia hata zilizokwisha kufika." Na kwenye "zilizokwisha kufika" umpe alama ya ziada.