Ngwe si robo ekari
Wapo wanaouliza kama ngwe ya shamba ni sawa na robo ekari. Hapana, ngwe haina ukubwa maalumu, kwa hiyo wanaoilinganisha na robo ekari wanakosea. Ngwe ni sehemu ya shamba anayokatiwa mtu mmoja ailime au aipalilie, na mwenye shamba huipima kwa hatua, kwa kamba au kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa kushoto na kulia, ambao kwa desturi ya pwani ni dhiraa 4, kiasi cha futi 6. Penye magugu mazito au ardhi ngumu ngwe hukatwa fupi, na vibarua wazoefu hubishania hilo kabla hawajashika jembe. Ekari ni meta za mraba 4,047, ambazo wakulima wengi wa Tanzania hukadiria kwa hatua 70 kwa 70, na robo yake ni hatua 35 kwa 35. Maana ya kipindi, kama tunaposema ngwe ya pili ya uongozi au ya mchezo, ni matumizi mengine ya neno hilohilo. Katika mkataba wa kuuza au kukodisha shamba, andikeni ekari au meta, si ngwe.