Barua kwa mwanangu: daktari wa meno huko Arusha

Mwanangu Neema,

Marahaba. Unaniuliza, sasa mmehamia Arusha, utampataje daktari wa meno wa kumwamini, maana jino la nyuma linakushtua ukinywa cha baridi, na jirani amekuelekeza kwa mtu anayesifiwa kung'oa haraka. Huyo mwache. Jino linaloshtuka kwa baridi kisha likatulia mara nyingi bado linazibika. Mtu anayetaja koleo kabla hajapiga hata picha ya eksirei anakuuzia pengo.

Unajua nimefanya kazi chumba cha meno mpaka nikastaafu. Mimi nikiingia kliniki ngeni, kabla ya daktari namwangalia anayeosha vifaa. Uliza wanavitakasaje. Kuchemsha kwenye sufuria hakutoshi. Unatakiwa mvuke wa presha, nyuzi 121 kwa dakika 15 au nyuzi 134 kwa dakika 3, na pakiti ya vifaa ifunguliwe mbele yako. Homa ya ini B hupita kwenye damu kidogo isiyoonekana kwa macho. Wakinuna kwa swali hilo, chukua mkoba wako uondoke. Televisheni ukutani na viti vya ngozi pale mapokezi havioshi koleo.

Hakikisha pia amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika na ana leseni hai. Wapo matabibu wa meno, walio ngazi ya chini ya daktari, nao wamesomea kung'oa na kuziba, na baadhi nimewaona wana mkono mwepesi kuliko madaktari wao. Lakini ikifika tiba ya mzizi, yaani kusafisha na kuziba ndani ya mizizi, kwa jino la nyuma, kamwone daktari mwenyewe. Bei iulize kabla hujakaa kwenye kiti. Akikutajia meno manne ya kuziba siku ya kwanza, akuoneshe kwenye picha jino kwa jino, kisha kamsikilize na mwingine.

Sasa la huko kwenu, ambalo sisi wa Tanga halitusumbui. Sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru maji yana floraidi nyingi, madini yanayoharibu rangi ya meno yanapojengeka, zaidi ya miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi. Ndiyo maana utawaona wazawa wengi wana meno ya kahawia. Wewe yako yalishakomaa, hayatageuka. Namwogopea mjukuu wangu: ana miaka mitatu, meno yake ya utu uzima yanajengeka ndani ya fizi sasa hivi. Na usidhani kuchemsha kunasaidia. Maji yakipungua kwa kuchemka floraidi ndiyo inazidi kukolea. Magadi kwenye maharage nayo yaache, yana floraidi hiyohiyo. Pale Ngurdoto kuna kituo cha utafiti kinachochuja maji kwa chenga za mifupa iliyochomwa, kaulizie. Daktari anayeijua Arusha atakuuliza mtoto anakunywa maji ya wapi. Asipouliza, muulize wewe, usikilize anavyojibu. Hapo ndipo utajua kama umempata.

Usikae wiki nzima unameza dawa za maumivu. Likianza kuuma lenyewe usiku, bila baridi, asubuhi yake nenda hata hospitali ya rufaa ya mkoa, Mount Meru, usisubiri kuchagua. Ganzi ikiisha nipigie.

Mama yako