Jibu la swali lako kuhusu hatimiliki ya kimila

Mwanangu mpendwa,

Umeuliza: ikiwa benki inasita kuipokea hatimiliki ya kimila, yaani hati ya kumiliki ardhi ya kijiji, kama dhamana, wanakijiji wenzako wahangaike nayo ya nini?

MKURABITA, mpango wa serikali ya Tanzania wa kurasimisha mali na biashara za wanyonge, ulipoanza mwaka 2004, kwa mawazo ya mchumi wa Peru Hernando de Soto, mkopo ndio uliopigiwa debe. Benki inasita kwa kuwa ikitwaa shamba, mtu wa nje ya kijiji halinunui bila idhini ya halmashauri ya kijiji. Kwa mwenye ekari mbili naona kizuizi hicho kina heri: mvua ikikosa msimu mmoja, shamba halipigwi mnada.

Kinachofukarisha watu vijijini ni kunyang'anywa. Shemeji anamtimua mjane, jirani anasogeza mpaka, kiongozi anammegea mgeni eneo kimyakimya. Hapo ndipo hati inapofanya kazi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 inaipa haki ya kimila hadhi sawa na hati nyingine, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke ardhi, na inakataza halmashauri kugawa ardhi kabla mkutano mkuu wa kijiji haujaridhia.

Ila hati iliyofanywa ovyo haimlindi mtu. Siku ya kuhakiki mipaka, majirani wote wanaopakana wawepo shambani. Asiyekuwepo ndiye atakayeleta kesi. Fomu ya maombi iwe na majina ya mke na mume. Nakusihi usilegeze hilo, maana jina la mume likiingia peke yake, mjane anaanza upya kudai shamba alilolima miaka yote. Halmashauri ina siku 90 za kuamua. Hati ikitoka, mwenye ardhi atie sahihi au dole gumba chini ya kila ukurasa, si wa mwisho tu, kisha ofisa ardhi wa wilaya aigonge mhuri na kuisajili. Nakala ibaki masjala ya kijiji, ndani ya kabati linalofungwa.

Ukizuka mgogoro, anzeni baraza la ardhi la kijiji: wajumbe 7, wanawake wasipungue 3. Mkishindwana hapo, nendeni Baraza la Kata; tangu marekebisho ya sheria ya 2021 linasuluhisha tu, haliamui. Siku 30 zikipita bila suluhu, nendeni Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Msaidizi wa kisheria anayetambuliwa na sheria ya mwaka 2017 atawasaidia kufuatilia nyaraka za kisheria bila malipo, lakini hawezi kusimama mahakamani kama wakili.

Mama yako