Timu A hujazwa lini, na timu B ni ya nani?

Swali: Kocha, habari za kazi. Mwanangu ana miaka 13, amezaliwa Novemba, anacheza winga ya kushoto. Desemba tulilipia fomu tukampeleka kwenye majaribio ya kituo kimoja cha soka hapa Mbeya. Walitangaza nafasi 20 za timu A na 20 za timu B. Watoto walikuwa wengi, uwanja umejaa tope, siku mbili tu yakaisha, mwanangu akapangwa B. Baadaye nikasikia kuna mtoto wa Makambako yuko A na hakuonekana kwenye majaribio hata siku moja. Ada tunalipa sawa. Mdogo wangu anaishi Marekani, ananiambia huko nako timu ya kwanza huwa ina wenyewe. Naomba kujua klabu huzijazaje hizi timu, na je, nimwache mtoto B au nimtoe? *Mama wa Uyole*

Jibu: Salama mama, na pole kwa hayo.

Kuna jambo ambalo vituo vingi haviwaelezi wazazi. Siku watoto wanapojipanga uwanjani kufanya majaribio, timu A huwa imeshajaa kwa sehemu kubwa. Lile tangazo la nafasi 20 linataja ukubwa wa kikosi, halitaji nafasi zilizo wazi. Kikosi cha watoto 20 kinaweza kuwa na 15 wale wale wa msimu uliopita, na kocha wao haoni sababu ya kuwatoa. Zinazogombewa kweli ni tatu, nne, pengine tano. Kituo kinachowaheshimu wazazi kingetangaza wazi kwamba kinatafuta kipa mmoja, beki wa kati mmoja na mshambuliaji mmoja. Natamani vituo vyote vya Nyanda za Juu Kusini vifanye hivyo, kwa sababu kuna mzazi anapanda gari alfajiri kutoka Chunya au Tukuyu, amekopa nauli, akiamini nafasi ni 20.

Na hata hizo chache, majaribio ndiyo njia ya mwisho ya kuzijaza. Kwanza kocha anatazama timu B, watoto ambao anawajua tabia na anaijua miguu yao. Kisha anafungua daftari lake la msimu mzima: aliowaona UMITASHUMTA (michezo ya shule za msingi), kwenye mashindano ya kata, kwenye mechi za kirafiki, hata kwenye chandimu za mitaa ya Soweto na Mwanjelwa. Walimu wa michezo nao humpigia simu. Mtoto wa Makambako huenda aliingia kwa mlango huu. Timu ikienda kucheza kule ikasumbuliwa na mtoto mmoja mechi nzima, kocha hana haja ya kumwita Mbeya akimbie kwenye tope ndipo amjue. Dakika 70 za mechi ya kweli zinamwonyesha mchezaji kuliko siku mbili za majaribio ambako kila mtoto anang'ang'ania mpira ili aonekane. Kwa hiyo kumchukua bila majaribio si kosa la kiufundi. Kosa ni kuwauzia fomu ninyi kwa nafasi ambayo tayari ina mtu. Kama mna kikao cha wazazi, ulizeni pia huyo mtoto analala wapi na anasoma wapi. Kumtoa mtoto wa miaka 13 kwao ni dhamana kubwa, na kituo kisicho na jibu la haraka juu ya hilo hakifai kuachiwa mtoto wa mtu yeyote.

Nafasi anayocheza mwanao nayo ina uzito. Wazazi wengi hudhani watoto hupangwa kwa ubora, wa kwanza hadi wa ishirini wanakwenda A, waliobaki B. Kikosi hakijengwi hivyo. Kinajengwa kwa nafasi za uwanjani: makipa wawili, mabeki wa kati wa kutosha, viungo wakabaji, na kadhalika. Mtoto wa saba kwa ubora anaweza kuangukia B kwa sababu mbele yake kuna mawinga wanne, na wa thelathini akaingia A kwa kuwa ndiye beki wa kushoto pekee anayetumia mguu wa kushoto.

Mikoa yetu ina kikwazo kingine ambacho wenzetu wa Dar es Salaam hawakihisi sana, nacho ni barabara. Kutoka Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300, na timu ya vijana inasafiri kwa Coaster moja. Ukitoa viti vya makocha, mlezi wa watoto, mipira na maji, wanabaki wachezaji 18 hivi. Ndiyo maana makocha wa huku hupenda mtoto anayecheza nafasi mbili. Winga wa kushoto anayeweza kurudi nyuma akacheza beki atapata kiti kabla ya winga mwenye chenga zaidi. Kama mwanao anatumia mguu wa kushoto, mwambie amwombe kocha wa B ampe dakika kadhaa za beki ya kushoto kwenye mazoezi. Mabeki wa kushoto wa kweli ni adimu kila mahali, na nafasi hiyo ndiyo hukaa wazi muda mrefu kuliko zote.

Lakini kilichonigusa zaidi katika ujumbe wako ni neno Novemba. Mashindano mengi ya vijana hupangwa kwa mwaka wa kuzaliwa, kuanzia tarehe 1 Januari. Mtoto wa Januari na mwanao wa Novemba wanahesabiwa umri mmoja, na wamepishana miezi kumi. Kwa watu wazima miezi kumi si kitu, kwa watoto ni kimo, ni kifua, ni msimu mzima wa mazoezi. Watafiti wa soka barani Ulaya wameliona hili kwa miaka mingi: akademi zimejaa watoto waliozaliwa mwanzoni mwa mwaka wa mashindano, na wa miezi ya mwisho ni wachache. Hakuna mwezi unaozaa vipaji kuliko mwingine. Makocha wanachagua ukubwa wakidhani wanachagua kipaji.

Juu ya hapo kuna kubalehe. Wavulana wengi hurefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 14, lakini wapo wanaoanza mapema sana na wapo wanaochelewa, na mwaka ule wa kasi mtoto anaweza kuongeza sentimita 8 hadi 10. Watoto wawili wenye miaka 13 kwenye cheti wanaweza kuwa na miili iliyopishana zaidi ya miaka mitatu. Sasa weka tope la Desemba. Uwanja ukilowa mpira haukimbii, unakwama kwenye madimbwi, watoto wanaanza kubutua, na anayeshinda ni mwenye mapaja. Winga mdogo mwenye kasi anaonekana hajui kitu. Siyaamini majaribio ya mawinga yanayofanywa wakati wa masika yetu. Likizo ya Desemba ndiyo inayowarahisishia vituo, naelewa, lakini vituo vya Mbeya, Mafinga na Njombe vingewatendea haki watoto kama vingerudia majaribio likizo ya Juni. Baridi ipo, ila ardhi imekauka.

Wenzetu wametafuta dawa. Shirikisho la Ubelgiji liliunda timu za taifa za vijana za pembeni kwa ajili ya watoto waliochelewa kukua, ili wasipotee wakati miili inawasubirisha. Uingereza kuna klabu ambazo baadhi ya mechi huzipanga kwa kiwango cha ukuaji wa mwili badala ya mwaka wa kuzaliwa. Na bado wanakosea: Harry Kane aliachwa na Arsenal akiwa mtoto wa shule ya msingi, Jamie Vardy aliachwa na Sheffield Wednesday akiwa kijana kwa sababu ya udogo wa umbo, kisha mwaka 2016 akawa bingwa wa Uingereza na Leicester City.

Kwetu tatizo hili linazidishwa na vijeba, yaani wachezaji wanaodanganya umri. Mtoto halali wa Novemba akisimamishwa mbele ya kijeba wa miaka 16 mwenye cheti cha miaka 13, kocha hawezi kumwona kabisa. Mwaka 2005 Serengeti Boys, timu yetu ya taifa ya vijana, waliondolewa kwenye mashindano ya Afrika ya U-17, yaani chini ya miaka 17, kwa sababu ya umri, kizazi kizima cha vijana waliofuzu kwa jasho wakabaki nyumbani. Tangu 2009 FIFA hutumia kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya mwili, cha kifundo cha mkono kwenye Kombe la Dunia la U-17, na vipimo hivyo vimewakata wengi. Kituo cha mtaani hakina MRI, lakini kinaweza kulinganisha cheti cha RITA na rejista ya shule tangu darasa la kwanza. Cheti kinaweza kutafutwa jana. Rejista ya mwalimu wa darasa la kwanza si rahisi kuibadilisha. Muulize kiongozi wa kituo kama wanafanya hivyo. Akikuambia cheti kinatosha, ujue timu A yao ina watu wazima ndani yake.

Kuhusu Marekani, mdogo wako hajakosea. Kule soka la vijana linaendeshwa zaidi na ada za wazazi. Juu kabisa kuna ligi za vijana kama MLS NEXT, iliyo chini ya MLS, ligi kuu yao, na iliyoanza 2020 baada ya ligi ya akademi ya shirikisho lao kufungwa, na ECNL, iliyoanza 2009 kwa wasichana na baadaye ikachukua wavulana, nayo ina ligi za kanda chini yake. Akademi nyingi za klabu za MLS hazitozi ada, lakini klabu za kawaida hutoza maelfu ya dola kwa mwaka. Huko watoto wa timu ya kwanza mara nyingi hupewa ofa kabla ya majaribio ya wazi, na ada za timu ya pili na ya tatu husaidia kulipa makocha, viwanja na punguzo la ada kwa nyota wachache wa timu ya kwanza. Mzazi wa timu B anamlipia mtoto wa timu A bila kuambiwa.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako la pili. Zipo timu B za aina mbili. Moja ni mfuko wa kituo. Watoto wanavaa jezi, wanalipa ada, wanafundishwa na yeyote aliyekuwepo siku hiyo, wanatumia nusu ya uwanja A wakimaliza, na hawachezi mechi. Nyingine ni mahali halali pa watoto ambao miili haijafika, au ambao nafasi zao A zimejaa. Aina hii ya pili inaweza kumfaa mtoto wa Novemba kuliko A yenyewe. Akiwa B anacheza dakika zote, anagusa mpira, anakosea na kurekebisha. Akiwa A angekaa benchi akitazama wenzake waliomzidi kilo 15. Mchezaji wa miaka 13 anajifunza kwa kucheza, benchi halimfundishi kitu.

Utazitambuaje? Ada ikiwa sawa, huduma nayo iwe sawa. Mazoezi ya B yalingane na ya A kwa idadi ya siku. Kocha wa B awe mtu mmoja anayejulikana, mwenye leseni ya ukocha ya CAF (shirikisho la soka la Afrika) hata ya daraja D, asiwe kijana wa kushika filimbi siku kocha wa A hayupo. B iwe na ratiba ya mechi iliyoandikwa, hata kama ni kuzunguka Iyunga, Ilomba, Mbalizi na Uyole yenyewe. Na muhimu kuliko yote, kiongozi akutajie watoto waliopanda kutoka B kwenda A msimu uliopita. Akikosa hata mmoja, mlango huo umefungwa, hata kama anakuambia uko wazi.

Kuna jambo la kalenda pia ambalo wazazi hawalitumii. Vikosi vya umri huu hupata mapengo makubwa kila Januari, kwa sababu watoto waliomaliza darasa la saba wanakwenda kidato cha kwanza na wengi wanaangukia bweni, mwingine Songea, mwingine Sumbawanga. Kocha aliyejaza A Desemba hujikuta Februari amepungukiwa watoto watatu au wanne. Hapo hafanyi majaribio mapya, anachukua B. Mtoto aliyesusa mazoezi kwa hasira za Desemba hayupo siku hiyo ya kuitwa. Kama mwanao naye anaingia kidato cha kwanza cha kutwa hapo Mbeya, ameshawazidi wengine kwa kubaki tu.

Ningekuwa mimi, ningemwacha B hadi Juni. Mpime kimo kila mwezi, mgongo umegusa ukuta, bila viatu, uandike tarehe. Kocha wa B aonyeshwe namba hizo. Akianza kurefuka kwa kasi, mbio na chenga vitaharibika kwa muda, magoti yanaweza kumuuma chini ya kofia ya goti, na ni lazima apunguziwe mazoezi ya kuruka badala ya kuitwa mvivu. Wakati huo huo nenda kwa kiongozi wa kituo ukamuulize habari za mechi, kocha na waliopanda, kwa heshima, peke yako, si mbele ya watoto. Akikuonyesha ratiba na majina, lipa muhula unaofuata. Asipokuwa na ratiba ya mechi za B, mtoe, umpeleke timu ya mtaa au ya shule ambako atacheza kila wiki, na UMITASHUMTA au UMISSETA (ile ya sekondari) ikifika, kocha wa timu A atamkuta huko huko.